Kiti cha seneti cha Lowndes: walipopata kura, kiti kikawa kimeshahama

Kuna hesabu moja ambayo kila nikiirudia nacheka alafu nanuna. Sensa ya 1960, jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani. Kaunti ya Jefferson, ndo yenye jiji la Birmingham na viwanda vyake vya chuma, watu 634,864, seneta mmoja. Kaunti ya Lowndes, mashamba ya pamba na vibarabara vya vumbi kati ya Selma na Montgomery, watu 15,417, seneta mmoja. Gawanya hapo kwenye simu yako utapata 41 na ushee, yaani mtu mmoja wa Lowndes kwenye seneti ya Alabama alikuwa na uzito wa watu 41 wa Birmingham.

Ukiishia hapo utasema aisee watu wa Lowndes walikuwa wanakula raha. Ndo maana nimeamua kukiandika kisa chote, maana hiyo hesabu ina uongo ndani yake. Katika hao 15,417, wanne kwa kila watano walikuwa weusi, na mpaka Februari 1965 inaisha hakukuwa na mweusi hata mmoja kwenye daftari la wapiga kura. Hata mmoja, sio wachache. Kuhesabiwa walihesabiwa wote, kiti kikapatikana kwa vichwa vyao, alafu siku ya kura wanaoenda kituoni ni wazungu tu. Watu wazima weusi walikuwa zaidi ya 5,000, wazungu wazima hawakufika hata 2,000, na cha kuchekesha wazungu walioandikishwa walikuwa wengi kuliko wazungu waliokuwepo, maana marehemu na waliohama hakuna aliyejisumbua kuwafuta.

Tuelewane maneno kwanza. Nikisema jimbo namaanisha Alabama yenyewe. Seneti ninayoiongelea sio ile ya Washington, ni ya jimbo, inakaa Montgomery, ina viti 35, inapitisha bajeti za shule na sheria za uchaguzi, vitu vinavyomfuata mtu mpaka mlangoni. Na nikisema kiti namaanisha lile eneo linalomchagua seneta mmoja.

Haya. Lowndes ipo kwenye ukanda unaoitwa Black Belt. Jina lilianzia kwenye udongo, mweusi, mzito, pamba inaupenda, baadaye likawa linamaanisha na watu, kwa sababu mabwana waliofuata udongo walikuja na watumwa wao na watumwa walikuwa wengi kuliko mabwana. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaisha 1865, watumwa wakaachiwa, na miaka michache mbele wanaume weusi wakapata haki ya kura na wakaitumia kisawasawa. Kuanzia 1872 Lowndes ilikuwa na seneta mweusi, John W. Jones. Jirani hapo kaunti ya Dallas, ambako ndo Selma ilipo, alikuwepo Jeremiah Haralson, mtu aliyezaliwa mtumwa, akakaa seneti ya jimbo na baadae akaenda mpaka bunge la Washington. Watu wengi wanadhani habari za weusi na kura huko zinaanza na Martin Luther King. Hawa jamaa walishakaa kwenye hivyo viti miaka 90 kabla yake.

Kilichofuata kinajulikana. 1874 Democrats, ambao zama hizo kwa Alabama ndo kilikuwa chama cha wazungu, wakarudi madarakani kwa vitisho na wizi, na kazi ya kuwatoa weusi kwenye siasa ikaanza pole pole mpaka wakaimalizia na katiba ya 1901. Hiyo katiba ni darasa la uhuni. Ili uandikishwe ujue kusoma na kuandika, na anayekupima ni msajili mzungu, au uwe na ekari 40 au mali ya dola 300. Ukishapita hapo kuna kodi ya kupigia kura, dola moja na nusu kwa mwaka, na usipolipa inajilimbikiza, deni linaweza kufika dola 36. Kwa mkulima anayelima shamba la mtu na kugawana mavuno, ambaye mwisho wa mwaka anaambiwa bado anadaiwa mbegu, dola 36 ni kama umwambie anunue ndege. Weusi zaidi ya 180,000 walikuwa wanaweza kupiga kura Alabama mwaka 1900. Kufika 1903 walikuwa hawazidi 3,000.

Sasa sikiliza katiba yenyewe ilivyopita, maana ilipigiwa kura na wananchi. Jumla ya jimbo ilikuwa ndiyo 108,613, hapana 81,734. Kaunti tatu tu za Black Belt, Dallas, Hale na Wilcox, zilileta ndiyo 17,475 na hapana 508. Wanaume wazungu wenye umri wa kupiga kura kwenye kaunti zote tatu walikuwa 5,623. Hizo kura nyingine alizipiga nani? Ati weusi walijitokeza kwa maelfu, wakapanga foleni, wakapiga kura ya kujinyang'anya kura. Wenye mashamba ndo walikuwa wanajaza masanduku, na hawakuona hata haja ya kuficha.

Katiba hiyohiyo ilisema viti vya bunge vigawanywe upya kila baada ya miaka 10 kufuata sensa. Haikufanyika. Sio kwamba walichelewa, hawakufanya 1911, hawakufanya 1921, mpaka 1960 ilipoingia ramani ilikuwa ni ileile ya sensa ya 1900. Lowndes mwaka 1900 ilikuwa na watu zaidi ya 35,000, alafu watu wakaanza kuondoka, mdudu wa pamba, njaa, vitisho, treni za kwenda Chicago na Detroit, mpaka wakabaki 15,417. Watu waliondoka na nusu ya kaunti, kiti kikabaki palepale kimekaa kama mwenye nyumba. Na hata wangegawanya upya kusingebadilika kikubwa, maana katiba ilikataza kaunti kukatwa katikati ya viti viwili, kwa hiyo Jefferson hata ifikishe watu milioni ingebaki na seneta mmoja.

Swali ambalo mi nilikaa nalo muda mrefu ni hili, matajiri wa Birmingham walikubalije? Wana hela, wana magazeti, wana reli, wanakubali vipi kutawaliwa na watu wa mashambani? Jibu ni kwamba hawakuwa wanatawaliwa, walikuwa wanashirikiana. Alabama walikuwa wanawaita Big Mules, hao wenye viwanda na mabenki, na walikuwa na ndoa ya muda mrefu na wenye mashamba ya Black Belt. Wote walitaka kodi ndogo, vibarua wa bei rahisi, vyama vya wafanyakazi visipate nguvu. Mfanyakazi wa kiwanda Birmingham, awe mweusi au mzungu, ndo aliyekuwa hana sauti. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema ule mgao ulikuwa wa kuwalinda wakulima dhidi ya mjini, mwambie wakulima wenyewe wa Lowndes hawakuwa kwenye daftari.

Agosti 1961 wapiga kura wa Jefferson, jina la kwanza kwenye faili ni M.O. Sims, wakafungua kesi mahakama ya shirikisho. Wakati huo mahakama zilikuwa zinakwepa hayo mambo, zinasema ni siasa, lakini Machi 1962 Mahakama ya Juu kwenye kesi ya Tennessee ikasema hapana, tunaweza kuyasikiliza. Bunge la Alabama likashtuka, likakimbia kuleta mipango miwili fasta. Mmoja ulisema tuwe na maseneta 67, kila kaunti mmoja, kama Washington ambako kila jimbo lina wawili. Mahakama ya chini, ambayo jaji wake mmoja alikuwa Frank Johnson wa Montgomery, mtu aliyechukiwa sana na wenzake wazungu enzi hizo, ikaweka ramani ya muda kwa uchaguzi wa 1962. Kwenye ramani hiyo kiti kidogo kuliko vyote vya seneti kilikuwa na watu zaidi ya elfu 30. Lowndes na elfu 15 zake haikutosha tena kusimama peke yake. Hapo ndo kiti kilipoanza kufungasha mizigo.

Kesi ikapanda mpaka juu, na kule inajulikana kama Reynolds na Sims. Reynolds ni nani? Jaji wa mirathi wa kaunti ya Dallas, pale Selma, nafasi ambayo Alabama inasimamia pia mambo ya uchaguzi. Yaani upande mmoja watu wa Birmingham wanaodai hesabu ya haki, upande wa pili Selma, na mwaka mmoja baadae dunia nzima itaijua Selma kwa daraja lake, ambako polisi waliwapiga waandamanaji wa haki ya kura. Tarehe 15 Juni 1964 majaji 8 kwa 1 wakaamua nyumba zote mbili za bunge la jimbo, seneti na wawakilishi, zigawanywe kwa idadi ya watu. Jaji Mkuu Earl Warren akaandika ule mstari unaorudiwa mpaka leo, kwamba wabunge wanawakilisha watu, hawawakilishi miti wala ekari. Akataja Lowndes kwa jina na 15,417 yake. Akapiga hesabu kwamba kwa ramani ya zamani robo tu ya watu wa jimbo, asilimia 25.1, walitosha kuchagua maseneta wengi, na ule mpango wa maseneta 67 ungekuwa mbaya zaidi, asilimia 19.4. Hoja ya kuiga Washington akaitupa nje, kaunti hazijawahi kuwa nchi zilizoungana, ni vitengo tu jimbo lilivyojikatia.

Hukumu nzuri. Naikubali mia kwa mia. Ila soma tarehe tena, Juni 1964. Mtu mweusi wa kwanza kuandikishwa Lowndes baada ya hiyo miaka yote aliandikishwa Machi 1965. Hapo ndo penye kisa changu. Kwa miaka 60 na zaidi kiti kilikaa pale wakati walio wengi hawana kura. Walipokaribia kupata kura, kiti kikaondolewa. Hakuna aliyepanga hivyo, majaji walikuwa na nia njema na wale waliofungua kesi Birmingham hawakuwa wanawawaza watu wa Lowndes kabisa. Lakini matokeo yake ni kama mtu anakesha nje ya nyumba ya babu yake miaka 60, anapewa funguo, anafungua, vyombo vimeshahamishiwa mtaa wa pili.

Turudi Lowndes yenyewe tuone hiyo funguo ilipatikanaje. John Hulett alizaliwa hapohapo, akaenda Birmingham kutafuta kazi, akaingia kwenye harakati huko, 1959 akarudi nyumbani. Machi 1965 yeye na wenzake karibu 40 wakaenda makao makuu ya kaunti, Hayneville, kuomba kuandikishwa, wakazungushwa. Waliporudi tena wakapelekwa kuandikishiwa kwenye jela ya zamani. Hebu fikiria hiyo picha, umekuja kuomba kura unaelekezwa jela. Wawili wakapita, Hulett na mchungaji mmoja kipofu. Ndo hao wapiga kura weusi wa kwanza.

Mwezi huohuo maandamano ya Selma kwenda Montgomery yakakatiza Lowndes kwa Barabara Kuu ya 80. Amri ya mahakama, ya Frank Johnson yuleyule, ilisema sehemu ambayo barabara ni ya njia mbili tu waandamane watu 300 basi, na hiyo sehemu ndo Lowndes. Usiku wa tarehe 25, maandamano yameisha, Viola Liuzzo, mama wa watoto watano kutoka Detroit, akapigwa risasi na watu wa Ku Klux Klan, kundi la siri la wazungu wabaguzi, akiwa anaendesha gari kwenye barabara hiyohiyo, ndani ya Lowndes. Agosti 6 Rais Lyndon Johnson akasaini Sheria ya Haki ya Kupiga Kura, na ndani ya siku chache maafisa wa shirikisho wakawa wameshafika Fort Deposit wanaandikisha watu bila mtihani. Agosti 20 Jonathan Daniels, mwanafunzi wa uchungaji, mzungu, akauawa mchana kweupe Hayneville na mtu aliyekuwa naibu wa kujitolea wa sherifu, yaani mkuu wa polisi wa kaunti, juri ya wazungu watupu ikamwachia. Waliokuwa wanaiita Lowndes ya damu hawakuwa wanatia chumvi.

Na ukijiandikisha unafukuzwa kwenye shamba. Familia zilizokuwa zinakaa kwenye mashamba ya watu zikaambiwa ondokeni, na kufika mwisho wa 1965 kulikuwa na mahema yamepangwa pembeni ya Barabara ya 80, watu wenye watoto, baridi ya Desemba, kosa lao jina lipo kwenye daftari. Wengine walikaa kwenye hayo mahema karibu miaka miwili, na usiku watu walikuwa wanapita na magari wanafyatua risasi.

Hapa nina pembeni kidogo. Ule msemo wa mtu mmoja kura moja, vijana wa SNCC, jumuiya ya wanafunzi waliopigania haki za weusi, waliokuwa wanafanya kazi Lowndes, akina Stokely Carmichael, waliutoa Afrika. John Lewis, kijana wa Alabama, alisema wazi kwenye hotuba yake Washington Agosti 1963 kwamba hicho ni kilio cha Afrika na ni chao pia. Desemba mwaka huohuo Jaramogi Oginga Odinga, Kenya ndo imetoka kupata uhuru, alipita Atlanta, vijana wa SNCC wakaenda kumsalimia hotelini, wakatoka wakaenda kukaa kwenye mgahawa wa jirani uliokuwa haupokei weusi, wakakamatwa, na wakatunga wimbo wenye jina lake ambao ulikuwa unaimbwa kwenye mikutano ya kusini huko. Kwa hiyo miezi sita kabla majaji hawajatoa hesabu zao za 41 kwa 1, watoto wa Alabama walikuwa wanaimba jina la mzee wa Nyanza.

Sasa 1966, uchaguzi wa kwanza. Watu wa Lowndes wangeweza kuingia Democrats. Lakini karatasi za kura Alabama zilikuwa na alama ya chama kwa ajili ya wasiojua kusoma, na alama ya Democrats ilikuwa jogoo mweupe, juu yake yameandikwa maneno ya kutukuza ubora wa mzungu, maneno ambayo walikuja kuyafuta mwaka huohuo wa 1966 walipoona weusi wanaingia kwenye daftari. Alafu kamati ya chama ya kaunti ikapandisha ada ya kugombea kutoka dola 50 mpaka 500. Carmichael alikuwa anasema kumwambia mweusi ajiunge na chama hicho ni sawa na kumwambia Myahudi ajiunge na chama cha Nazi. Basi wakaanzisha chao, na kwa kuwa sheria inataka alama wakachagua chui mweusi, nembo waliyoitoa kwenye chuo kimoja cha Atlanta. Ndio, huyohuyo chui mweusi aliyekuja kuchukuliwa na wale Black Panthers wa Oakland, California, wenye koti za ngozi. Alizaliwa kwenye karatasi ya kura ya kaunti ya kijijini.

Mei 3, 1966, wakati Democrats wanafanya kura zao za maoni, watu karibu 900 wa Lowndes wakakusanyika nje ya kanisa moja la Baptist karibu na mahakama ya Hayneville, wakateua wagombea wao 7. Sherifu, mtathmini wa kodi, bodi ya shule, vyeo vya hapohapo. Seneti haikuwepo kwenye orodha, na kwa nini iwepo, kiti kilishachanganywa na kaunti nyingine. Novemba wakashindwa wote 7. Wenye mashamba walisomba vibarua wao kwa malori, wakawashusha vituoni na maelekezo ya kumpigia nani. Ila walipata zaidi ya asilimia 20, wakatambuliwa rasmi kama chama.

Kwa hiyo nikijibu swali langu mwenyewe, kwamba kama kiti kingebaki wangekipata? 1966 hapana, tusidanganyane, kama walishindwa kupata bodi ya shule wasingepata seneti. Lakini 1970 Hulett alishinda usherifu, kaunti ileile ambayo miaka mitano nyuma hakuna mweusi aliyekuwa kwenye daftari, akakaa kwenye hicho cheo miaka 22 na baadae akawa jaji wa mirathi. Kaunti inayoweza kumchagua sherifu mweusi inaweza kumchagua seneta mweusi, wapiga kura ni walewale. Mi naamini ramani ya zamani ingekuwepo, Lowndes ingempeleka mtu wake Montgomery mwanzoni mwa miaka ya 70. Hiyo ni imani yangu, na hainifanyi nione hukumu ilikosea, maana ramani ileile ingeacha weusi wa Birmingham, ambao kwa idadi walikuwa wengi mara nyingi zaidi, wamebanwa ndani ya kiti kimoja na wazungu laki kadhaa.

Na wao ndo waliofaidi kwanza. Bunge lilipochora upya 1965, mahakama iligundua kwenye nyumba ya wawakilishi kaunti za weusi zimeunganishwa na za wazungu makusudi ili mweusi asipite, ikazirekebisha, ila ramani ya seneti ikaachwa kama ilivyo. 1970 Fred Gray na Thomas Reed wakaingia nyumba ya wawakilishi kutoka upande wa Tuskegee. Kwenye seneti kimya. Mpaka mahakama ilipoamuru kila kiti kiwe na mtu mmoja na mipaka yake, 1974 wakaingia maseneta weusi wawili wa kwanza tangu enzi za akina Jones, U.W. Clemon na Richmond Pearson, wote wa Jefferson. Birmingham, mji ulionyimwa viti miaka 60 kwa ajili ya Lowndes, ndo uliotangulia. Black Belt yenyewe, yenye asilimia kubwa kuliko wote, ikasubiri.

Ikasubiri mpaka 1983. Uchaguzi wa 1982 ulifanyika kwa ramani ya muda, mabishano ya mahakama yakaisha kwa makubaliano, ukaitishwa uchaguzi maalum 1983, na kiti namba 23, ndo hicho kinachoibeba Lowndes sasa, kikaenda kwa Hank Sanders, wakili wa Selma. Mtoto wa pili kati ya 13, kazaliwa kijijini kaunti ya Baldwin, kasoma sheria Harvard, karudi kusini wakati wenzake wanakimbilia kaskazini. Gavana wakati anaapishwa alikuwa George Wallace, yuleyule aliyesema ubaguzi sasa, ubaguzi kesho, ubaguzi milele, sasa yuko kwenye kiti cha magurudumu, ameomba msamaha, na ameshinda kwa kura za weusi. Siasa za Alabama usizitungie riwaya, hazihitaji.

Sanders alikaa miaka 35. Akapanda mpaka kuwa mwenyekiti wa kamati ya seneti inayoshika bajeti ya elimu, na kwa Alabama mwenye hiyo kamati ameshika mfuko mkubwa kuliko yote. Mtu wa Black Belt, mweusi, anagawa hela za shule jimbo zima. Hapo ndo kiti kilikuwa na meno. Alafu 2010 Republicans, wapinzani wa Democrats ambacho sasa ndo kilikuwa chama cha Sanders, wakachukua bunge kwa mara ya kwanza baada ya miaka 136, uenyekiti ukaenda, na kuanzia hapo kiti 23 kikawa salama kabisa kwa wapiga kura weusi na hakina nguvu kabisa ukumbini. Unashinda kila uchaguzi, unashindwa kila kura.

Na wachora ramani wakajifunza mbinu mpya. Badala ya kuwatawanya weusi unawarundika. Kwenye ramani ya 2012 kiti namba 26 cha Montgomery, jirani hapo, kiliongezewa watu 15,785, na katika hao wazungu walikuwa 36. Thelathini na sita! Wabunge weusi wakafungua kesi, Mahakama ya Juu ikairudisha mahakama ya chini 2015, ramani ikaguswa guswa 2017. Ile sheria ya 1965 iliyowaleta maafisa Fort Deposit ilishakatwa kiuno 2013, na kesi iliyoikata nayo ilitoka Alabama, kaunti ya Shelby.

Nguvu ya kiti unaipima kwenye vitu vidogo. Udongo ule mweusi unaopenda pamba haupitishi maji. Mashimo ya vyoo ya kawaida hayafanyi kazi, mtambo unaofaa ni hela nyingi, kwa hiyo nyumba nyingi za Lowndes bomba limetoka ukutani linamwaga maji taka uani, mvua ikinyesha yanarudi ndani. 2017 watafiti walikuta dalili za minyoo ya safura kwa watu wa hapo, ndani ya Marekani. Mei 2023 Wizara ya Sheria ikabanana na idara ya afya ya jimbo wakasaini makubaliano ya kurekebisha, Aprili 2025 serikali mpya Washington ikayafuta ikisema ni mambo ya upendeleo wa rangi. Seneta wa kiti hicho afanye nini, yuko mmoja kati ya 35 na upande wake hautoshi kuzuia hata kikao.

Sanders aliacha 2018, binti yake Malika Sanders-Fortier akakirithi kiti. 2022 binti akaamua kugombea ugavana, mzee karibu miaka 80 akarudi kutaka kiti chake. Juni 21, siku moja, duru ya pili ya kura za maoni za Democrats, binti akashindwa na Yolanda Flowers, baba akashindwa na Robert Stewart, kijana wa miaka 30 na kidogo. Usiku mmoja nyumba moja. Wengine waliona ni kukosa shukrani. Mi naona ni kawaida, kiti kikishakuwa cha wananchi kweli wanaweza kukunyima hata kama ulikifungua wewe.

Stewart naye ni wa Selma. Sanders wa Selma, binti wa Selma. Kwenye sensa ya 2020 Dallas ina watu 38,462, Lowndes imebaki na 10,311, na kiti kimoja cha seneti kinataka watu kama 143,551, kwa hiyo Lowndes ni kama asilimia 7 tu ya kiti kinachoibeba. Mgombea anayetaka kushinda anaanzia Selma, anapita Barabara ya 80 kwenda mikutano Montgomery, na Lowndes anaiona dirishani.